Jinja hadi Mbale: Dereva mpya aangalie nini barabarani?

Safari ya gari kutoka Jinja hadi Mbale ni ya karibu kilomita 150. Dereva hupita Bugembe, mashamba ya miwa ya Kakira, Magamaga na mji wa Iganga. Mbele kidogo ya Iganga, mahali paitwapo Nakalama, njia hugawanyika: malori yanayokwenda Busia na Malaba huendelea kuelekea Bugiri, naye anayekwenda Mbale hukata kushoto na kuingia barabara ya Tirinyi, inayopita Namutumba, vinamasi vya mto Mpologoma, Budaka na Kamonkoli, hadi mlima Wanale unapojitokeza juu ya mji. Lami ipo mwanzo hadi mwisho, na sehemu kubwa ya njia ni tambarare. Kwa mtu aliyepata leseni mwezi uliopita, barabara hii huonekana rahisi kuliko msongamano wa Kampala. Urahisi huo unastahili kutiliwa shaka.

Ripoti za kila mwaka za Polisi ya Uganda zinaonyesha kuwa watu 4,806 walipoteza maisha katika ajali za barabarani mwaka 2023, na 5,144 mwaka 2024. Hiyo ni wastani wa watu 14 kila siku. Waenda kwa miguu na watu waliopanda pikipiki ndio wengi katika hesabu hiyo, na mwaka baada ya mwaka polisi hutaja mwendo kasi na kuyapita magari mengine bila uangalifu miongoni mwa sababu kuu. Kwa upande wake Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 duniani kwa mwaka, na kwamba hakuna kinachoua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo.

Tafiti za nchi nyingi zinakubaliana juu ya jambo moja kuhusu madereva wapya: hatari huwa kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo ya kuendesha peke yao, mwalimu akishashuka garini. Hadi siku ya mtihani mbele ya mkaguzi wa magari, mwanafunzi huwa na macho mawili ya ziada pembeni yake. Leseni ikishatoka, macho hayo huondoka. Ndiyo maana wito wa kila siku wa "kuwa makini" haumsaidii sana dereva mgeni. Anachohitaji ni kuambiwa umakini huo auelekeze wapi.

Macho hutazama karibu mno

Watafiti waliopima mwenendo wa macho ya madereva tangu miaka ya 1970 walibaini kwamba dereva mpya hutazama kipande kifupi cha barabara kilicho mbele ya boneti, na hugeuza macho kushoto na kulia mara chache kuliko mzoefu. Vioo huvitazama kwa nadra. Huo si uvivu. Akili yake bado imeshikwa na klachi, gia na mstari wa katikati, na haijabakiwa na nafasi ya kuwaza jambo jingine.

Dawa yake ni mazoezi. Macho yatupwe mbali, pale gari litakapofika baada ya sekunde 10 hadi 15, yarudi karibu, yapitie kioo cha ndani na vya pembeni, kisha yaende mbali tena. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde 12 ni zaidi ya mita 260. Dereva aliyezoea umbali huo huona kundi la ng'ombe likikaribia lami wakati bado ana nafasi ya kuondoa mguu kwenye mafuta taratibu. Anayetazama boneti humwona ng'ombe akiwa tayari mbele ya taa.

Baadhi ya walimu wa udereva humtaka mwanafunzi ataje kwa sauti anachokiona na anachotarajia kitokee. Mtu anayeingia Bugembe asubuhi angesema hivi: "Bodaboda wamesimama stegi, abiria ameinua mkono ng'ambo ya pili, mmoja wao atakata barabara bila kutazama nyuma. Teksi ile imewasha taa ya kushoto. Itasimama ghafla na mlango utafunguka. Watoto wa shule wako watatu upande huu, na mwenzao yuko upande ule, atavuka kuwafuata." Huonekana kama mchezo, lakini mdomo ukilazimika kutaja, macho hulazimika kutafuta. Wiki mbili za zoezi hilo, peke yako garini bila wa kukucheka, huzaa mazoea ambayo hayapatikani kwa kukariri alama za barabarani.

Barabara za mashariki mwa Uganda zina alama zake pia, zisizo katika kitabu chochote cha sheria. Matawi ya majani mabichi yaliyotupwa juu ya lami yana maana kwamba mbele kuna gari lililoharibika, mara nyingi lori, na mara nyingi limesimama ndani ya njia yenyewe. Dereva apunguze mwendo papo hapo, bila kusubiri kuliona. Lori likishatengenezwa huondoka na kuacha nyuma mawe yaliyokuwa yamezuia magurudumu, na mawe hayo usiku hayaonekani mpaka gari likaribie. Katika maeneo ya mpunga, mazao huanikwa hadi ukingoni mwa lami, na penye mazao yaliyoanikwa pana mtu aliyeinama kuyageuza, mgongo wake ukiwa umeelekea magari. Mazingira ya Kakira nayo yana matrekta yenye matela ya miwa, yanayokwenda polepole, baadhi yakiwa na taa hafifu nyuma au bila taa kabisa. Miwa hudondoka, na watoto hukimbilia kuiokota.

Neno bodaboda lenyewe lina asili katika ukanda huu. Lilianzia Busia katika miaka ya 1960, wakati wapanda baiskeli walipokuwa wakiwabeba wasafiri kati ya kituo cha mpaka cha upande mmoja na cha upande wa pili, boda kwa boda. Leo pikipiki hizo ziko kila mahali, na kwa dereva wa gari hujificha katika sehemu moja hasa: pembe ya nyuma, ambayo kioo hakiifikii. Kabla ya kukata kona mjini Jinja au Mbale, kutazama kioo hakutoshi. Shingo igeuzwe.

Kwa aliyejifunzia Kongo au Burundi

Miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili walioko Uganda wamo wengi waliojifunza kuendesha katika nchi ambako magari hupita kulia: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini. Uganda, kama Kenya na Tanzania, hupita kushoto. Kuzoea kukaa upande wa kushoto katika barabara ndefu si kazi kubwa, kwa kuwa magari mengine humwonyesha mtu njia. Kosa hutokea mahali penye utupu: kutoka kituo cha mafuta alfajiri, kuingia barabarani kutoka njia ya kijijini, au kuanza tena safari baada ya kusimama kando kununua ndizi. Hapo mikono hurudia desturi ya zamani. Njia rahisi ya kujikumbusha ni kwamba dereva, akiwa ameketi kulia kama ilivyo kwa magari mengi ya Uganda, awe upande wa mstari wa katikati. Akijikuta yuko upande wa majani, amepotea.

Kwenye mzunguko, ambao wengine huuita kipilefti, kanuni ni kumpisha aliye kulia, yaani yule ambaye tayari yuko ndani. Mzunguko wa Amber Court mjini Jinja na ule wa mnara wa saa mjini Mbale ni darasa zuri, lakini Jumapili asubuhi kuliko Ijumaa jioni. Mwenye haki ya kupita asiitegemee haki hiyo kabla hajayaona magurudumu ya mwenzake yamesimama.

Alama zenye maandishi nchini Uganda ni za Kiingereza, na asiyeisoma lugha hiyo vizuri afadhali ajifunze maumbo na rangi, ambavyo havihitaji tafsiri: pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya, duara lenye ukingo mwekundu hukataza au huweka kikomo. Akisimamishwa na askari wa trafiki, hana sababu ya kuona haya kuomba aelezwe kwa Kiswahili. Lugha hiyo imetumika katika majeshi ya Uganda na katika polisi kwa vizazi kadhaa.

Hesabu ya kulipita lori

Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 22 Oktoba 2025, katika wilaya ya Kiryandongo kwenye barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu, mabasi mawili yaliyokuwa yakielekea pande tofauti yaligongana uso kwa uso. Polisi walisema kila moja lilikuwa likijaribu kulipita gari lililokuwa mbele yake. Idadi ya waliofariki, baada ya kurekebishwa na polisi, ilikuwa watu 46. Waliokuwa kwenye usukani walikuwa madereva wa kazi, watu wanaoishi barabarani. Dereva mpya anapaswa kuupima uamuzi kama huo kwa tahadhari kubwa zaidi.

Hesabu yenyewe si ngumu, ila watu wachache huifanya. Chukua trela lenye urefu wa mita 18 linalokwenda kilomita 60 kwa saa kati ya Magamaga na Iganga. Nyuma yake kuna gari dogo linalokwenda kilomita 80. Ili kulipita, gari hilo litoke mita 20 nyuma ya trela na kurudi kwenye njia yake mita 20 mbele yake. Ukijumlisha na urefu wa gari lenyewe, linapaswa kulizidi trela kwa mita zipatazo 62. Tofauti ya mwendo kati yao ni kilomita 20 kwa saa, ambayo ni mita tano na nusu hivi kwa sekunde. Kwa hiyo gari dogo litakaa upande usio wake kwa sekunde 11. Katika sekunde hizo litakuwa limekwenda karibu mita 245. Gari linalotoka mbele, likiwa nalo na mwendo wa kilomita 80, litakuwa limekwenda mita 245 vilevile. Hivyo, kabla hata ya kuweka akiba yoyote, inahitajika nusu kilomita ya barabara iliyo wazi na inayoonekana yote. Penye kilima, kona, daraja au vumbi, nusu kilomita hiyo haipo.

Wengi hujibu kwamba suala ni kukanyaga mafuta zaidi. Hapo kuna mtego wa pili. Kwenye lami kavu na kwa breki nzima, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa huhitaji karibu mita 28 ili kusimama, ukihesabu sekunde moja ya dereva kushtuka. Kwa kilomita 80 huhitaji mita 57 hivi, na kwa kilomita 100 huhitaji zaidi ya mita 80. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali umeongezeka karibu mara tatu. Sheria ya Uganda huruhusu gari dogo kwenda hadi kilomita 100 kwa saa kwenye barabara ya lami nje ya miji, na 50 ndani ya maeneo yenye makazi, mahali ambapo bango halijaweka kikomo cha chini zaidi. Kikomo hicho ni cha juu kabisa, si mwendo ambao dereva analazimika kuufikia.

Mwezi Juni mwaka 2025 mfumo wa kamera zinazotoza faini ulianza kutumika nchini Uganda, kisha ukasitishwa baada ya siku chache kutokana na malalamiko ya madereva. Mjadala ulikuwa mkali, na karibu wote ulihusu pesa. Umbali wa kusimama haukutajwa sana, ingawa huo hauna msamaha wala rufaa.

Lipo pia jambo la lugha ya taa. Madereva wengi wa malori katika Afrika Mashariki humwashia aliye nyuma taa ya kulia wakimaanisha "usipite", na ya kushoto wakimaanisha "njia ni nyeupe". Ni ukarimu wa siku nyingi, na umewaokoa wengi. Lakini taa ya kulia ileile ina maana rasmi kwamba lori linataka kukata kulia, na taa ya kushoto kwamba linasimama. Kwa mgeni, taa hiyo ichukuliwe kuwa habari tu. Ruhusa hutolewa na macho yake mwenyewe. Na akiwa hana uhakika, abaki nyuma, kwa nafasi ya sekunde mbili angalau: gari la mbele likipita mti au bango, ahesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili", na asifike penye bango kabla ya kumaliza. Mvua ikinyesha, aihesabu mara mbili. Kufika Iganga nyuma ya lori la miwa humchelewesha mtu dakika chache tu.

Gari lenye wazee ndani

Dereva mpya katika ukoo huwa na thamani ghafla. Kabla ya mwezi kwisha ameshaombwa kumpeleka shangazi hospitalini, kubeba viti vya harusi, na hasa kuwapeleka wazee mazishini. Maziko yametangazwa kuwa saa nane mchana, huko Budaka au Sironko. Watu walipaswa kuondoka Jinja saa mbili, wameondoka saa tano. Ndani ya gari la watu watano wameketi saba, mtoto amepakatwa mbele, na mjomba anatazama saa yake na kusema, "Mwanangu, kwa mwendo huu tutakuta wameshazika."

Vitabu vya udereva havifundishi namna ya kumjibu mjomba, ingawa huenda hilo ndilo jaribio kubwa kuliko yote. Kijana aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mzee anyamaze. Njia iliyo salama ni kuyasema mambo kabla ya ufunguo kuwashwa, wakati kila mtu bado yuko chini na hakuna aliyeaibishwa: "Wazee wangu, shikamooni. Gari hili hubeba watu watano, na mimi bado ni mgeni wa usukani. Nitakwenda polepole, nanyi mtanisaidia kuangalia njia." Mzee aliyeombwa msaada mapema huwa mlinzi wa ahadi hiyo. Aliyebishiwa katikati ya safari huwa mpinzani. Na kama watu ni saba kweli, mtu mzima mmoja apige simu kwa waliotangulia, na wawili wapande teksi.

Mikanda ya usalama ni sharti la sheria nchini Uganda tangu kanuni za mwaka 2004. WHO inasema kufunga mkanda kunaweza kupunguza hatari ya kifo kwa abiria hadi nusu. Mtoto aliyepakatwa mbele hana kinga yoyote: gari likisimama kwa kishindo, mikono ya mama, hata iwe na nguvu kiasi gani, haiwezi kumzuia. Akae nyuma, katika kiti chake cha mtoto ikiwezekana.

Simu, usingizi na kileo

Kushika simu wakati wa kuendesha kumepigwa marufuku na sheria, na WHO inakadiria kuwa mwenye kutumia simu yumo katika hatari ya ajali takriban mara nne kuliko asiyeitumia. Sekunde tatu za kusoma ujumbe, kwa kilomita 80 kwa saa, ni zaidi ya mita 65 za kwenda kama kipofu. Apewe abiria aishike. Asiye na abiria aiweke mahali ambapo mkono hauifikii.

Usingizi ni adui wa barabara iliyonyooka, na Tirinyi imenyooka. Saa za alasiri baada ya chakula kizito, na saa za kuelekea alfajiri, ndizo mbaya zaidi. Redio na dirisha wazi havifukuzi usingizi. Kinachosaidia ni kusimama mahali salama, nje ya lami kabisa, na kulala dakika 15 au 20.

Kuhusu kileo, kikomo cha Uganda kwa madereva wa kawaida ni gramu 0.08 kwa kila desilita ya damu, na polisi hukipima kwa kile kifaa ambacho wananchi wamekipa jina la kawunyemu. WHO hupendekeza kisizidi 0.02 kwa vijana na madereva wapya, na kwa vitendo hiyo ni sawa na kutokunywa kabisa.

Kalenda ya barabara

Kila msimu hubadilisha barabara hizi. Mwezi Mei, waumini Wakatoliki na Waanglikana hutembea kwa miguu kwenda Namugongo kwa ajili ya Siku ya Mashahidi ya tarehe 3 Juni. Makundi hutoka Tororo, Mbale na hata Kenya, nao hufuata ukingo wa barabara hii hii ya Iganga na Jinja, baadhi yao kabla ya kupambazuka. Aliye nyuma ya kundi huwa amechoka, na ndiye anayeyumba kuingia kwenye lami.

Katika miaka inayogawanyika kwa mbili, Wagisu huwa na imbalu, tohara ya vijana. Ufunguzi hufanyika mwezi Agosti katika uwanja wa Mutoto, karibu na Mbale, na kwa wiki nyingi zinazofuata ngoma za kadodi huzunguka mitaani na vijijini. Umati unaocheza huichukua barabara nzima, nao hausikii honi. Dereva asimame, afunge vioo kama ana wasiwasi, na asubiri. Kujaribu kupenya kati ya watu ni hatari kwao na kwake.

Mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Agosti hadi Novemba. Dakika za mwanzo ndizo zenye utelezi mkubwa, maji yanapochanganyika na mafuta, vumbi na udongo mwekundu ulioachwa na magurudumu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na kuua watu zaidi ya 20, na miongoni mwao walikuwamo abiria wa basi dogo lililosombwa. Maji yanayokwenda hudanganya kwa sababu dereva huona uso wake tu. Kina cha chini ya magoti chatosha kuanza kuliinua gari dogo, na lami iliyo chini ya maji yawezekana imeshaondoka. Penye daraja lililofunikwa, kurudi nyuma au kulala garini mahali pa juu ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu, hata kama teksi iliyotangulia imevuka.

Kabla ya safari yoyote kati ya hizo, tairi zitazamwe kwa mikono na kwa macho. Tairi nyingi ziuzwazo ni za mtumba, na ngozi inayong'aa huficha uzee. Ubavuni pana tarakimu nne ndani ya kisanduku kidogo: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Iliyoandikwa 2313 ilitoka kiwandani katika wiki ya 23 ya mwaka 2013, na haifai barabara kuu hata kama mistari yake bado imesimama. Taa za breki zikaguliwe kwa msaada wa mtu aliye nyuma, na bima ya mtu wa tatu, ambayo ni ya lazima, iwe hai.

Ikiwa limetokea

Mwenye kugonga au kugongwa ana wajibu wa kusimama, kusaidia na kuripoti polisi. Awashe taa zote za tahadhari, aweke pembetatu za onyo mbali ya kutosha ili anayekuja kwa kasi apate nafasi ya kusimama, na awaondoe abiria barabarani kabla ya kuanza kubishana nani mkosa. Wengi hufa katika ajali ya pili, ile ya gari lililokuja nyuma. Nambari za dharura ni 999 na 112. Majeruhi asivutwe kwa mkono au mguu kutoka garini isipokuwa kuna moto au maji. Shingo iliyoumia huweza kumalizwa na msaada wa haraka. Hospitali za rufaa za mkoa ziko Jinja na Mbale, na mtu anayepiga simu ataje wazi kituo cha biashara au mto aliopita mwisho.

Lori la mafuta likianguka, kanuni ni nyingine kabisa. Mwezi Juni 2013 makumi ya watu waliungua hadi kufa huko Namungoona, Kampala, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota petroli iliyomwagika. Oktoba 2024 mkasa wa namna hiyo ulitokea tena Kigogwa, kwenye barabara ya kuelekea Gulu. Dereva anayelikuta lori kama hilo mbele yake asilikaribie hata kwa nia ya kusaidia. Ageuze au arudi nyuma mamia ya mita, akae upande unakotoka upepo, azime injini, asiwashe kiberiti wala sigara, apige 999, na awazuie wale wanaokuja mbio na madumu.